Okapi alikuwepo, nyayo zake zikakataliwa

Mwaka 1900 Harry Johnston, Mwingereza aliyekuwa akiisimamia Uganda kwa niaba ya serikali yake, alifika Mbeni, kituo cha Wabelgiji karibu na mto Semliki ambacho jina lake ndilo tunaloliita leo Beni. Alikuwa akiwarudisha kwao Wambuti, wenyeji wa msitu, waliochukuliwa na Mjerumani mmoja aliyetaka kwenda kuwaonyesha Paris, kwenye maonyesho makubwa ya mwaka huo. Wambuti hao ndio waliomsimulia habari za mnyama mkubwa wa msituni mwenye miguu ya mistari. Johnston akaamua moyoni kwamba ni aina ya punda milia. Basi walipompeleka msituni na kumwonyesha nyayo, akaona kwato zilizopasuka mbili, akakataa. Alidhani wanamfuatisha nyayo za pofu, maana ukoo wa farasi una kwato moja.

Homa ikamshika yeye na wenzake, akaondoka bila kumwona mnyama. Alichopata ni vipande vya ngozi ambavyo askari wa kituo walivifanya mikanda. Kwa vipande hivyo, mtaalamu Philip Sclater wa London alimpa mnyama jina la ukoo wa farasi mwanzoni mwa 1901. Baadaye Karl Eriksson, ofisa wa Mbeni, akatuma ngozi nzima na mafuvu mawili. Hapo kosa likaonekana: mnyama ni jamaa wa twiga. Ray Lankester akamwita Okapia mwaka huohuo. Wambuti walikuwa wamesema kweli tangu siku ya kwanza.

Mimi nakiona kisa hiki kuwa mwanzo halisi wa elimu ambayo leo inafanywa kwa kompyuta: kutafuta mnyama wa porini anachagua kuishi wapi, kula nini na kukwepa nini. Ushahidi ulikuwa umechapwa kwenye matope. Kilichokosekana ni namna ya kuusoma bila kuutanguliza uamuzi.

Namna hiyo ilikuja polepole. Mwaka 1974 watafiti watatu wa Marekani, Neu, Byers na Peek, waliandika juu ya wanyama wakubwa wa kaskazini waitwao moose, katika msitu wa Minnesota uliokuwa umeungua. Hawakuridhika kuhesabu wanyama wangapi wako wapi. Walilinganisha sehemu wanazotumia na ukubwa wa sehemu hizo katika msitu mzima. Chukua mfano: mtu wa mji wetu wa Butembo anayekula maharage kila siku huenda hayapendi kuliko nyama. Pengine ndiyo yaliyojaa sokoni. Ili ujue anachopenda, lazima ujue kwanza kilichopo. Mwaka 1980 Douglas Johnson akaongeza kwamba uchaguzi una ngazi: nchi inayokaliwa na aina nzima ya mnyama, ndani yake eneo la mnyama mmoja, ndani ya eneo hilo mahali anapopita, na mwisho jani analong'ata. Mwaka 1993 Bryan Manly na wenzake wakakusanya hesabu hizo zote katika kitabu kimoja, nacho kikawa msingi wa kazi hii.

Hesabu yenyewe haitishi. Tuseme nafasi zenye mwanga, pale mti mkubwa ulipoanguka, ni asilimia 10 ya msitu, lakini asilimia 30 ya mahali alipoonekana okapi ni hapo. Anazitumia mara tatu ya vile ingekuwa kama angetangatanga ovyo. Ukiongeza umbali wa kijito, mwinuko na umbali wa kijiji, modeli, yaani mfano wa kihesabu, hupima uzito wa kila kimoja huku vingine vikizingatiwa.

Na mwanga una maana kweli kwa okapi. Terese na John Hart, Wamarekani waliofanya kazi Epulu, Ituri, waliwafunga okapi kola za redio katika miaka ya 1980. Waligundua kwamba jike huzunguka eneo la kilometa za mraba 3 hadi 5 tu, dume zaidi ya hapo, na kwamba okapi huchagua majani ya aina zaidi ya 100, mengi yakiwa yale yanayochipua penye mwanga. Miguuni ana tezi zinazotoa utomvu mweusi wa kunata, anauacha njiani anapopita. Ni mnyama anayetia sahihi yake ardhini, na bado mtu anaweza kukaa miaka msituni asimwone.

Hilo ndilo lililotokea upande wetu, mashariki mwa Kongo. Katika Mbuga ya Virunga, ushahidi wa okapi ulithibitishwa mara ya mwisho 1959, kisha kimya. Mwaka 2006 zikaonekana nyayo, na mwaka 2008 kamera zilizofungwa kwenye miti kaskazini mwa mbuga na wataalamu wa jumuiya ya wanyama ya London, wakishirikiana na ICCN, taasisi ya Kongo ya uhifadhi, zikampiga picha. Kamera hizo hufyatuka zenyewe kitu chenye joto kikipita. Karibu nusu karne ya kutomwona haikuwa dalili kwamba hayupo.

Ndiyo maana naithamini sana kazi ya Darryl MacKenzie na wenzake ya mwaka 2002. Walionyesha jinsi ya kukadiria mnyama yuko sehemu ngapi hata kama haonekani kila mara. Siri ni kurudi mahali palepale. Tuseme okapi yupo, na kila ziara una nafasi ya asilimia 30 ya kukuta alama yake. Ukienda mara tano, bado kuna karibu asilimia 17 kwamba utatoka mikono mitupu. Ukikadiria nafasi hiyo kutokana na ziara zenyewe, unaweza kusahihisha ramani.

Ila kurudi mahali palepale ni jambo zito Beni. Tangu mauaji ya Oktoba 2014 yanayohusishwa na ADF, waasi wenye asili ya Uganda, kuna misitu ambayo mkulima mwenyewe haendi tena shambani kwake, sembuse mtafiti. Walinzi zaidi ya 200 wameuawa katika historia ya Virunga. Kwa hiyo ramani nyingi za wanyama wetu zinaonyesha pia mahali ambapo bunduki ziliruhusu watu kupita. Sokwe wakubwa wa Grauer, yaani gorila, ni mfano ulio wazi: mwaka 2016 Andrew Plumptre na wenzake walikadiria wamebaki 3,800, mwaka 2021 wakaandika 6,800. Haikuwa kwamba wamezaana hivyo kwa miaka mitano. Timu zilikuwa zimefika kwenye misitu ambayo zamani vita viliifunga. Bado idadi hiyo ni ndogo mno kuliko ya kabla ya vita.

Oktoba 2024 majike wanne wa sokwe hao, yatima waliolelewa katika kituo cha GRACE huko Kasugho, Lubero, walihamishiwa mlima Tshiaberimu, kusini-mashariki mwa Butembo, ambako kundi lililosalia halikufika hata kumi. Ni mahali pa juu zaidi, pa baridi, penye mianzi. Tangu wafike, walinzi na wafuatiliaji wamekuwa wakiandika majike hao wamelala wapi na wamekula nini, na wenyeji wa milima hiyo, wanaoijua mimea yake, wanastahili kusikilizwa kabla ya mtu yeyote kuamua kwamba nyayo walizoziona si za mnyama wanayemtaja.