Imekufa au Imenyamaza? Historia Fupi ya Linux Inayosema

Nimekuwa kimya kidogo, kazi za watu zimenibana. Leo sikuleta programu mpya wala mafunzo ya hatua kwa hatua, nimeleta historia. Ilinijia kwa simu, Ijumaa jioni, nikiwa ndani ya matatu nikitoka Kondele.

"Kijana wangu, ile mashine imekufa."

Aliyepiga ni mwalimu mstaafu anayeishi upande wa Kibos, nje kidogo ya mji wa Kisumu. Alinifundisha hesabu darasa la sita. Presha ya macho ilimnyang'anya uwezo wa kuona polepole, na sasa haoni kabisa. Mimi humwita Japuonj, yaani mwalimu kwa Kijaluo, kama wanavyomwita wote pale kwao. Ni katibu wa chama cha kuweka na kukopa. Nilimwekea Linux kwenye laptopu ya mtumba, bila madirisha wala picha, ni konsoli tupu na sauti inayomsomea kila kinachoandikwa. Kwa mashine hiyo huandika kumbukumbu za mkutano na kuwasomea wanachama kila mwezi. Mkutano ulikuwa Jumapili, na minong'ono ilikuwa imeshaanza: watu wawili watatu walikuwa wakisema ukatibu apewe "mtu mwenye macho".

Nikamuuliza, "Imekufa vipi, Japuonj?"

"Nimewasha, nimengoja, haisemi."

Ndugu msomaji, hebu lifikirie jibu hilo. Kompyuta yako wewe unayeona ikikwama, inaacha ushahidi kwenye skrini: maandishi meupe, nembo inayozunguka, au giza. Kwake yeye matatizo yote duniani yana dalili moja, nayo ni ukimya. Diski imeharibika? Kimya. Kerneli imegoma? Kimya. Mashine ni nzima kabisa ila spika imezimwa? Kimya kile kile.

Mimi nikajifanya mjuzi. Mwezi wa nne, wakati wa mvua, stima ilipotea akiwa anaandika, na betri ya laptopu ile ilishazeeka. Ilipowashwa tena mfumo ulikuta diski ina kasoro, ukasimama kwenye `(initramfs)` ukingoja mtu aandike `fsck`. Sauti huanza baadaye kuliko hapo, kwa hiyo yeye hakusikia kitu. Basi safari hii nikadhani ni yale yale. Nikiwa ndani ya matatu nikamwomba mjukuu wake aandike amri nilizomsomea herufi kwa herufi. Hazikufanya lolote. Tukakubaliana niende Jumamosi asubuhi, na usiku ule sikulala vizuri, nikaanza kusoma jinsi Linux ilivyojifunza kusema.

Nilichokikuta kilinishangaza. Nilitegemea hadithi ya maendeleo ya kawaida, zamani kubaya na sasa kuzuri. Lakini kwa jambo hili moja, yaani muda kati ya kubonyeza kitufe na neno la kwanza, mashine za zamani zilituzidi.

Katika miaka ya 1990 mtu asiyeona aliyetumia Linux alikuwa na kisanduku cha sauti pembeni, kama DECtalk, kilichounganishwa kwa waya kwenye tundu la siriali. Kompyuta ilituma herufi tu, kazi ya kuzigeuza kuwa matamshi ilikuwa ya kisanduku. Mwaka 1995 T. V. Raman alitoa Emacspeak. Huyu ni Mhindi aliyepoteza uwezo wa kuona akiwa na miaka 14, kwa presha ya macho hiyo hiyo ya mwalimu wangu. Mwaka huo huo ukaanza mradi wa BRLTTY, unaopeleka maandishi ya konsoli kwenye vifaa vya breli. Kisha, mwishoni mwa muongo, Kirk Reiser wa Kanada akaandika Speakup, na yeye akafanya jambo la kijasiri: alikiweka kisoma skrini ndani ya kerneli yenyewe.

Wengi walinung'unika, wakisema kerneli si mahali pa programu ya kusoma skrini. Kihandisi wana hoja. Lakini tazama faida yake. Tundu la siriali ni kitu rahisi sana, kerneli hulifikia mapema mno, na kisanduku hakihitaji kadi ya sauti, wala draiva ya sauti, wala mtu wa kupandisha sauti. Kerneli ikianza kuamka, inaanza kusema. Ikikwama, unasikia ilipokwamia. Mwalimu wangu angekuwa na mashine ya namna hiyo mwezi wa nne, angesikia neno `initramfs` kwa masikio yake.

Ubaya ulikuwa bei. Vile visanduku havikuwa vya mtu wa Kibos, na hata vya programu havikuwa rahisi. JAWS, kisoma skrini maarufu cha Windows, kiliuzwa dola 895 kwa miaka mingi; kwa mwaka 2009 hiyo ni karibu shilingi 70,000. Na laptopu nazo zikaacha kuja na tundu la siriali.

Ndipo likaja kundi la pili, sauti za programu tupu. Hapa Afrika Mashariki tuna sehemu yetu, na nasikitika kwamba watu wachache wanaijua. Desemba 2004 mradi wa Kilinux, wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na kampuni ya IT+46 ya Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Mwaka 2005 Mucemi Gakuru wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake waliwasilisha kule Lisbon mfumo wa kompyuta wa kutamka Kiswahili. Mwaka 2006 Mwingereza Jonathan Duddington aliifikisha eSpeak kwenye Linux, programu ambayo mizizi yake ni kompyuta za Acorn mwaka 1995. Ilikuwa na megabaiti kama 2 tu, lugha nyingi zikiwa ndani yake, na baadaye Kiswahili pia. Sauti yake ni kama ya mtu aliyebanwa pua ndani ya debe. Lakini ni bure, ni nyepesi, na laptopu ya mtumba inaiendesha bila kuhema.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda haraka. Septemba 2006 GNOME 2.16 ilitoka na Orca, kisoma skrini kilicholelewa Sun Microsystems. Mwaka 2007 Klaus Knopper akaleta Adriane ndani ya Knoppix, iliyopewa jina la mkewe asiyeona: unaweka CD, mashine inasema. Tony Sales wa Uingereza naye akatengeneza Vinux. Canonical walikuwa wakituma CD za Ubuntu bure kwa posta tangu 2005 hadi 2011, na kwa nchi kama yetu hilo halikuwa jambo dogo. Kabla ya waya wa SEACOM kuanza kazi Julai 2009, kupakua megabaiti 700 kwenye saiba ya hapa mjini ilikuwa ni kuomba wazimu.

Lakini gharama ilijificha mahali pengine. Sauti ikishakuwa programu, inahitaji kadi ya sauti, na kadi ya sauti ni mlolongo mrefu. Draiva ipakiwe. ALSA, iliyoingia rasmi kwenye kerneli 2.6 mwaka 2003, ilikuwa na tabia ya kuanza na njia zote zikiwa zimezimwa, mpaka mtu afungue `alsamixer` na kuondoa alama za MM. Kwa anayeona huo ni usumbufu wa dakika moja. Kwa asiyeona ni ufunguo wa nyumba uliofungiwa ndani ya nyumba: unahitaji sauti ili usome skrini, na unahitaji kusoma skrini ili uwashe sauti.

Mwaka 2007 Fedora 8 ikaja na PulseAudio ya Lennart Poettering, na Aprili 2008 Ubuntu 8.04 ikafuata. Nia ilikuwa nzuri, programu nyingi zitoe sauti kwa pamoja. Ila PulseAudio huendeshwa kwa jina la mtumiaji aliyeingia, na kisoma skrini cha konsoli huanza kabla mtu yeyote hajaingia. Wawili hao wakagombea kadi moja kama makanga wawili na abiria mmoja. Aliyeishika wa kwanza aliongea, mwingine akanyamaza. PipeWire, ambayo Fedora 34 iliifanya ya kawaida mwaka 2021, imepunguza ugomvi mwingi, lakini nayo huanza mtumiaji anapoingia.

Speakup je? Iliingia kwenye kerneli rasmi mapema 2011, toleo la 2.6.37, ila ikawekwa kwenye kapu la majaribio. Ilitoka humo mwaka 2020, kwenye toleo la 5.9. Karibu miaka kumi kapuni! Sitaki kumlaumu mtu, wanaoitunza ni wachache. Ila inaonyesha foleni ya wasioona inavyosogea.

Kipande cha historia kinachonifurahisha zaidi ni cha Debian. Tangu toleo la 7, mwaka 2013, unaweza kuisakinisha kwa masikio tu: kwenye menyu ya mwanzo unabonyeza `s` kisha Enter. Mashine ikiwa na kadi zaidi ya moja, inasema kupitia kila kadi kwa zamu, na wewe unabonyeza Enter ukisikia ile inayofika kwenye spika yako. Aliyewaza hivyo alijua kwamba mashine haiwezi kukisia ni kadi ipi inasikika. Mwenye masikio ndiye anayejua. Hata hivyo laptopu mpya nyingi zikaanza kuhitaji fimwea ya kampuni ndipo sauti itoke, na fimwea hiyo haikuwa huru, kwa hiyo haikuwekwa kwenye CD rasmi. Debian wakapiga kura mwaka 2022, na toleo la 12 la Juni 2023 likatoka likiwa nayo ndani. Mabishano yalikuwa makali, na mimi ni mtu wa programu huru, lakini hapa nilikuwa upande wa kura hiyo. Uhuru usiosikika una msaada gani kwa Japuonj?

Turudi Kibos. Jumamosi saa tatu asubuhi nilifungua laptopu, na kwenye skrini kulikuwa na neno `login:`, mshale ukimetameta. Mashine ilikuwa imeamka vizuri kabisa na kungoja usiku kucha. Nikaandika `cat /proc/asound/cards`. Kadi namba 0 ilikuwa HDMI, yaani ya televisheni, na spika zilikuwa namba 1. Sauti ilikuwa ikitoka kwa bidii zote, ikielekea kwenye televisheni ambayo haipo.

Na kosa lilikuwa langu. Juma hilo nilimsasishia mfumo. Namba za kadi hutolewa kwa mpangilio ambao draiva zinafika, na kerneli mpya ilizifikisha kwa mpangilio mwingine. Mimi nilikuwa nimetegemea namba. Dawa yake ni kutumia jina, ndani ya `/etc/asound.conf`:

`defaults.pcm.card PCH`
`defaults.ctl.card PCH`

(Jina la kadi yako linaweza kuwa tofauti, liangalie kwanza.) Kwa lile tatizo la mwezi wa nne nikaongeza `fsck.repair=yes` kwenye amri ya kuanzisha kerneli, diski ijirekebishe bila kungoja mtu. Halafu ndani ya `/etc/default/grub` kuna mstari uliolala miaka yote, `GRUB_INIT_TUNE="480 440 1"`. Niliuamsha, nikaendesha `update-grub`. Sasa mashine inapiga mlio mmoja mfupi kabla hata kerneli haijaanza. Si laptopu zote zinaweza, ila hii ya kizee inaweza.

Mwalimu alikuwa ameketi pembeni akisikiliza maelezo yangu yote. Akaniuliza swali la kimwalimu: "Ikipiga mlio halafu isiseme, nitajuaje kama imekwama au imenyamaza?"

Nilifikiri sana. Kisha nikakumbuka kitufe cha kuwashia. Mfumo ukiwa umeamka, kukibonyeza mara moja kwa kugusa tu kunauzima kwa utaratibu, na feni inasimama. Ukiwa umekwama kwenye initramfs hakuna wa kupokea ujumbe huo, feni inaendelea. Tulijaribu mara tatu, yeye akiwa ameweka kiganja juu ya feni.

"Basi," akasema, "ikizimika ni sauti, nakupigia taratibu. Isipozimika ni diski, nakupigia kwa kelele."

Jumapili jioni alinipigia, taratibu. Kumbukumbu zilisomwa zote. Mtu mmoja aliuliza tena habari za ukatibu, mwenyekiti akasema waliongee mwezi ujao.