Goethe-Institut: Wanaoiongoza na mipaka ya mamlaka yao

WAKAZI wengi wa Nairobi na Dar es Salaam huifahamu Goethe-Institut kwa kozi za Kijerumani, maonyesho ya filamu na mitihani ya lugha inayowakabili wanaokusudia kwenda Ujerumani kusoma, kufanya kazi au kuungana na wenzi wao. Ni wachache wanaowafahamu watu wanaoiongoza kutoka makao makuu yake jijini Munich, namna wanavyopatikana na mahali mamlaka yao yanapokomea.

Taasisi hiyo hudhaniwa kuwa idara ya serikali ya Ujerumani. Kisheria sivyo. Ni jumuiya iliyosajiliwa, isiyofanya kazi kwa ajili ya faida, yenye katiba, wanachama na viongozi wake. Majukumu yake ni kukuza lugha ya Kijerumani nje ya Ujerumani, kuendeleza ushirikiano wa kitamaduni na kuwaeleza watu wa nchi nyingine hali ya maisha ya Wajerumani.

Uongozi wake una ngazi tatu. Ya kwanza ni mkutano mkuu wa wanachama. Ya pili ni baraza la uongozi, linaloongozwa na rais wa taasisi, ambamo hukaa pia wawakilishi wa serikali na wa wafanyakazi. Ya tatu ni bodi ya utendaji, chini ya katibu mkuu, inayosimamia shughuli za kila siku. Kwa ufupi, rais huiwakilisha taasisi na kulinda mwelekeo wake, na katibu mkuu huiendesha.

Mgawanyo huo una chimbuko katika historia. Mwaka 1925 ilianzishwa jijini Munich asasi iliyoitwa Deutsche Akademie, ambayo baadaye ilitumiwa na utawala wa Wanazi kueneza ushawishi wake kwa njia ya lugha. Asasi hiyo ilivunjwa mwaka 1945, baada ya vita. Goethe-Institut ilipoundwa mwaka 1951, ilirithi kazi ya kufundisha lugha, na pamoja nayo swali zito: utamaduni unaogharimiwa na dola utaepukaje kuwa chombo cha propaganda?

Jibu la kudumu lilipatikana mwaka 1976, taasisi ilipotiliana saini mkataba na Wizara ya Mambo ya Nje ya Ujerumani Magharibi. Serikali ilikubali kutoa fedha, na taasisi ikabaki na wajibu wa kuamua yenyewe programu zake. Tangu hapo, kulinda nafasi hiyo kati ya mtoa fedha na mtenda kazi kumekuwa sehemu kubwa ya kazi ya kila rais.

Pengine ndiyo sababu marais wengi wa miaka iliyofuata hawakutoka katika ubalozi. Klaus von Bismarck, aliyeshika wadhifa huo kuanzia 1977 hadi 1989, alikuwa ameongoza shirika la utangazaji la WDR. Hilmar Hoffmann, aliyeingia mwaka 1993, alijulikana kwa miaka 20 aliyosimamia utamaduni katika Jiji la Frankfurt, akishikilia kwamba sanaa ni haki ya watu wote.

Mwaka 2002 alifuata Jutta Limbach, mwanamke wa kwanza kuwa rais wa taasisi hiyo. Kabla ya hapo alikuwa Rais wa Mahakama ya Katiba ya Ujerumani. Mwaka 2008 alimpisha Klaus-Dieter Lehmann, aliyekuwa ameongoza maktaba ya taifa na baadaye mfuko unaosimamia makumbusho makubwa ya Berlin. Lehmann alikaa madarakani hadi mwaka 2020.

Heshima walizokuja nazo viongozi hao hazikuwaondolea majaribu. Mwaka 1987 televisheni ya Ujerumani Magharibi ilirusha kichekesho kilichomdhihaki Ayatollah Khomeini. Iran iliifunga taasisi ya Tehran, ingawa haikuwa na mkono wowote katika kipindi hicho. Mwaka 2004, wakati wa Limbach, kilifunguliwa chumba cha kusomea katika mji wa Pyongyang, Korea Kaskazini. Mwaka 2009 kilifungwa, kwa kuwa masharti ya wenyeji yaliwazuia wasomaji kukitumia kwa uhuru.

Carola Lentz, aliyechukua urais mwaka 2020, ni mwanaanthropolojia wa Chuo Kikuu cha Mainz aliyefanya utafiti kwa miaka mingi kaskazini mwa Ghana. Katika kipindi chake alichapisha, pamoja na mwenzake, kitabu cha historia ya taasisi. Alifanya kazi na Johannes Ebert, katibu mkuu tangu 2012, ambaye awali aliongoza ofisi za Cairo na Moscow.

Ni wawili hao waliobeba uamuzi mgumu kuliko yote ya miaka ya karibuni. Septemba 2023 uongozi ulitangaza mpango wa kufunga taasisi kadhaa, zikiwamo za Bordeaux na Lille nchini Ufaransa, Genoa, Trieste na Turin nchini Italia, Rotterdam, Osaka, Curitiba na Washington. Sababu iliyotolewa ni upungufu wa fedha, pamoja na nia ya kuimarisha kazi katika maeneo mengine, yakiwamo ya Ulaya Mashariki na visiwa vya Pasifiki. Malalamiko yalisikika hasa Ufaransa na Italia.

Mpango huo ulidhihirisha mipaka ya uhuru uliowekwa mwaka 1976. Hakuna waziri anayemwagiza rais filamu gani ioneshwe au mwandishi gani aalikwe. Hata hivyo, bajeti inapopunguzwa bungeni Berlin, viongozi wa Munich ndio wanaochagua mlango wa kufunga, na ndio wanaolaumiwa na wanafunzi na walimu wa mji husika.

Novemba 2024 kiti hicho kilikwenda kwa Gesche Joost, profesa wa utafiti wa ubunifu jijini Berlin na mtaalamu wa masuala ya dijitali. Ni mwanamke wa tatu kushika nafasi hiyo.

Amepokea taasisi inayotakiwa kubana matumizi wakati Ujerumani inatafuta wafanyakazi nje ya mipaka yake. Septemba 2024 nchi hiyo na Kenya zilitiliana saini makubaliano ya uhamiaji na ajira. Kwa vijana wanaoyatumaini makubaliano hayo, lugha ndiyo hatua ya kwanza. Hivyo maamuzi ya Munich kuhusu mahali pa kuweka walimu na vituo vya mitihani yatawagusa moja kwa moja.