Jalada Langu la Aljebra, 1976 na 1977

Kamati ya jarida iliponiomba niandike juu ya historia ya masomo ya shule yetu, nilikuwa nyumbani Ilongero, nikitoa vyombo katika chumba cha tembe la marehemu baba ili paa litengenezwe. Chini ya sanduku la bati nilikuta jalada la karatasi ngumu, limefungwa kwa uzi wa katani. Juu yake nimeandika jina langu, namba ya mkondo, na neno moja: Aljebra. Basi nikaona niandike juu ya hilo jalada, maana vijana mlioko madarasani leo hamjui lilitokea wapi, na wenzangu wa zamani pengine mmesahau.

Kwanza niseme mambo yalivyokuwa kabla yake. Mitihani ya sekondari ilitoka Cambridge, kisha ikawa chini ya Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, na mwaka 1971 nchi yetu ikajitoa huko. Baraza la Mitihani la Tanzania likaundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Lakini kubadili anayetunga maswali si kubadili mtihani. Mwalimu Nyerere katika Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, alikuwa amekwisha kulalamika kwamba mitihani inapima uwezo wa mtu kukumbuka mambo na kuyatoa anapotakiwa kwa muda aliopangiwa, na kwamba haipimi anavyofikiri, tabia yake wala moyo wake wa kutumikia. Miaka saba ikapita. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma, na katika Azimio lake, pamoja na lile la elimu ya msingi kwa wote, ikaagiza kwamba mtihani wa mwisho usiwe ndiyo hakimu peke yake.

Agizo hilo lilitufikia mwaka 1976, nikiwa Kidato cha Tatu. Tulikusanywa tukaambiwa kwamba kuanzia sasa nusu ya alama zitatokana na maendeleo ya kila siku, yaani mazoezi, majaribio na kazi, na nusu nyingine ndiyo itatokana na mtihani wa mwisho. Tena tabia na bidii shambani vitapimwa. Tulishangilia. Kila mmoja wetu alimjua kaka au binamu aliyeugua malaria wiki ya mtihani, na miaka minne ikamwishia kitandani.

Mwalimu wetu wa Hisabati, ambaye sitamtaja jina, alilichukua jambo hilo kwa uzito kuliko wengine. Alitwambia kila mwanafunzi awe na jalada, na humo aweke kazi zake zote za aljebra tangu muhula wa kwanza, pamoja na swali moja kila mwezi alilolitunga mwenyewe kutokana na maisha ya shule au ya kwao. Siku hizi wataalamu wanaita mkoba wa kazi, na mtaala wa mwaka 2005 uliutaja kuwa njia mojawapo ya upimaji. Sisi hatukuwa na jina hilo.

Tulikuwa wawili kutoka Ilongero katika mkondo wetu, na tulikaa dawati moja. Mwezi wa tatu wa zoezi hilo mwenzangu alitunga swali juu ya bustani ya mchicha ya shule. Tulikuwa na mita 40 za waya wa kuzungushia ili mbuzi wasiingie, na bwana shamba alitaka bustani ya mita za eneo 96. Je, urefu na upana viwe vipi? Mwenzangu akaita upana x, akaandika kwamba urefu ni 40 − x, akapata mlinganyo wa kipeo cha pili, akahangaika nao ukurasa mzima. Jibu likamjia: upana mita mbili na nusu hivi, urefu mita 37 na zaidi. Mimi ningepiga mstari chini ya jibu nikaenda kulala. Yeye alikwenda bustanini jioni akapima kwa hatua, akaona kwamba kwa vipimo hivyo ingehitajika waya wa mita 80. Akarudi, akaandika chini ya kazi yake kwamba amesahau kuwa uzio una pande nne, kwamba urefu na upana kwa pamoja ni nusu ya waya, yaani 20, na si 40. Akaanza upya: x mara 20 − x ni 96. Mita 8 kwa mita 12. Kurasa tatu kwa jumla, zina michoro, mikato na alama ya kidole chenye udongo.

Nami nilikuwa sijatunga swali. Nikamwomba lake, naye akanipa bila kusita. Nikaandika ule mwisho tu, kwa mwandiko wangu mzuri, nusu ukurasa. Majalada yaliporudi, mimi nilikuwa na 10 kwa 10. Yeye alipewa 4, na kando yake kwa wino mwekundu: kazi chafu.

Sikusema kitu. Tangu siku hiyo nikajifunza namna ya kutunza jalada. Kila nilipokosa, kwa mfano nilipofungua mabano ya −3(x − 4) nikapata −3x − 12, nilichana ukurasa, nikaandika mwingine ulio safi, na ule wa kwanza nikawashia moto jikoni. Darasa zima likafanya hivyo. Ilipofika Kidato cha Nne majalada yetu yalikuwa mazuri ajabu, wala hapakuwa na mtu anayekosea.

Simlaumu mwalimu yule sana. Alikuwa na mikondo mitatu yenye vijana 40 kila mmoja, hayo ni majalada 120, na mwisho wa yote alidaiwa namba moja tu kwa kila mwanafunzi ya kupeleka Dar es Salaam. Namba haina mahali pa kuandika kwamba kijana alikwenda bustanini jioni. Mimi mwenyewe nilipokuja kuwa mwalimu wa Hisabati, tena kwa miaka mingi, nilitoa alama kwa usafi mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Na tusijione sisi peke yetu. Jimbo la Vermont huko Marekani lilianzisha mikoba ya kazi za hisabati katika shule zake mwanzoni mwa miaka ya 1990, na watafiti walipochunguza mwaka 1992 wakakuta kwamba wasahihishaji wawili wakipewa mkoba uleule mara nyingi hawakubaliani alama. Wao walikuwa na fedha na kompyuta. Sisi tulikuwa na taa ya chemli.

Kilichofuata katika nchi yetu ni kwamba namba ilibaki na jalada likafa. Serikali ilipotangaza mgawanyo mpya mwaka 2013, alama 40 zilikuwa za maendeleo na 60 za mtihani wa mwisho. Lakini katika hizo 40, 15 zilitoka katika mtihani wa Kidato cha Pili, nyingine katika mitihani ya mihula na ule wa majaribio, na kazi ya mradi ikapewa 5. Maendeleo ya kila siku yakawa mitihani mingine. Mwaka 2022, katika kila watahiniwa watano wa Hisabati wa Kidato cha Nne, aliyefaulu ni kama mmoja tu. Sisemi chanzo ni hicho. Upungufu wa walimu ninaujua. Lakini nimewaona wanafunzi wanaofuta kosa kabla ya kulitazama, na najua walikojifunzia, maana nilikuwa mmoja wa waliowafundisha.

Matokeo yetu ya 1977 yalipotoka, mimi nilichaguliwa kuendelea na Kidato cha Tano. Mwenzangu hakuchaguliwa. Siwezi kuapa kwamba jalada ndilo lililomkosesha, wala siwezi kuapa kwamba silo.

Yuko hapa Ilongero, analima vitunguu na alizeti. Nilimpelekea lile jalada shambani. Alilifungua polepole, akafika penye bustani ya mchicha, akasoma ile nusu ukurasa yangu.

“Mwalimu, hapa umejuaje kuwa ni 20?”

Nikamwambia, “Nilikuta kwako, ndugu yangu. Jalada lako liko wapi?”

“Mchwa walilila zamani, hata mwaka sikumbuki.”

Akaokota kijiti, akachora mstatili kwenye udongo, akaandika 40 ubavuni, akaikata, akaandika 20. Kisha akaniuliza kama mwalimu wetu aliwahi kwenda bustanini kupima. Nikasema sidhani.

“Mimi nilikwenda,” akasema, akanirudishia jalada, akashika ndoo yake maana vitunguu vilikuwa bado kunyweshwa.