Simu ya Serikali, Laini Yako

Miaka ya 80, mtu wa Khwisero aliyetaka kumpigia ndugu yake Nairobi alikuwa na safari mbele yake. Afike posta, apange foleni, ampe opereta namba, kisha angoje aunganishwe. Opereta alijua nani anamtafuta nani, na akitaka, angesikia hadi habari za mahari. Mwajiri wake alikuwa KP&TC, shirika la serikali lililoshika barua na simu zote tangu 1977. Ukikasirika nalo, uhamie wapi?

Mwaka 1999 lilivunjwa vipande vitatu: Posta, Telkom Kenya, na CCK ya kusimamia soko. Nchi ya watu milioni 28 ilikuwa na takriban laini 300,000 za waya. Safaricom ilikuwa bado mtoto wa Telkom. Vodafone ikaingia mwaka 2000 na asilimia 40, na mwaka huohuo Kencell, ambayo leo ni Airtel, ikaanza kazi. Kencell ilihesabu kwa dakika, Safaricom kwa sekunde. Kwa mtu anayetaka kusema tu "nimefika salama", sekunde zilishinda. Huo ndio ushindani, na ulitusaidia kweli.

Lakini serikali haikutoka mezani. Mwaka 2008 iliuzia umma asilimia 25 ya Safaricom kwa shilingi 5 kila hisa, ikabaki na 35. Pembeni kulikuwa na Mobitelea, kampuni iliyosajiliwa Guernsey na kupata kipande ndani ya Vodafone Kenya. Bunge likauliza wenyewe ni nani. Mpaka leo mwananchi hajajibiwa vizuri.

Sasa cheki hesabu. Serikali inakula gawio la kampuni, inaiwekea sheria, na polisi wake ndio wanaokuja kuomba rekodi za simu. Mwaka 2017 Privacy International ilidai kwamba majasusi wana njia ya kuingia kwenye mitandao yetu. Oktoba 2024, miezi michache baada ya maandamano ya Gen Z na vijana kutekwa, gazeti la Nation likachapisha uchunguzi wake kuhusu data za wateja kufikia vyombo vya usalama. Safaricom ilikanusha, ikasema hutoa data kwa amri ya korti tu. Katiba, kifungu cha 31, inalinda faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data ipo tangu 2019. Karatasi tunazo. Ninachotilia shaka ni ujasiri wa kumwambia mwenye hisa wako "hapana".

Utasema si lazima ubaki. Tangu 2011 unaweza kuhama mtandao na namba yako. Waliohama ni wachache, na ukipita soko la Khwisero utaona sababu: mama wa ndizi analipwa kwa M-Pesa, chama chake kiko huko, karo inatumwa huko, na deni la Fuliza linamsubiri hukohuko. Laini ya pili anayo, ya bando za bei nafuu.

Desemba 2025 serikali ilitangaza mpango wa kuiuzia Vodacom asilimia 15, kwa takriban shilingi bilioni 204, yenyewe ibaki na 20. Kelele nyingi zikawa za bei: 34 kwa hisa ni haki au ni bure? Hisa zikihama, rekodi za yule mama zinabaki palepale, na afisa mwenye amri ya korti, au asiye nayo, atabisha mlango uleule.