Sauti Moja Ngara: Funzo la Desemba 1996

Katika 1 Wafalme 22, manabii wapatao 400 walimwambia Ahabu kwa sauti moja apande Ramoth-Gileadi kupigana. Yehoshafati, mfalme mshirika, aliuliza kama hayupo nabii mwingine. Mikaya akaletwa, akasema kweli, akatiwa gerezani. Ajabu ni kwamba Yehoshafati mwenyewe, baada ya kusikia, alikwenda vitani vilevile.

Mwaka 1972 Irving Janis, mwanasaikolojia wa Marekani, alieleza udhaifu huo katika maamuzi ya serikali juu ya mambo ya nje, akichunguza uvamizi wa Cuba wa mwaka 1961. Washauri wanaothamini mno umoja wao, alisema, huacha kuyapima mashaka yao. Makala hii yatazama jambo hilo katika historia ya Ngara.

Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka Rusumo kwa muda wa saa 24. Tanzania iliwapokea, nazo kambi za Benaco, Lumasi na Lukole zikajaa. Mzigo ulikuwa mzito: misitu iliangamia, na kambini walijificha wauaji waliowatisha wenzao wasirudi. Novemba 1996 kambi za mashariki ya Zaire zilivunjwa, na mamia ya maelfu wakarejea Rwanda. Ndipo tarehe 5 Desemba Serikali ya Tanzania na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR) zilipotoa tangazo la pamoja: Wanyarwanda wote walitazamiwa kurudi kwao kabla ya mwisho wa mwezi huo.

Sababu za uamuzi huo zilikuwa nzito. Lakini Mkataba wa OAU wa mwaka 1969 wadai kwamba mkimbizi arudi kwa hiari yake, na shirika lililopaswa kuuliza juu ya hiari hiyo lilikuwa limekwisha kuwa mtangazaji mwenza. Siku 26 hazikutosha kumsikiliza kila mmoja. Tarehe 12 Desemba maelfu walitoka kambini wakikimbilia mashariki, ndani zaidi ya Tanzania. Askari wakawageuza kuelekea Rusumo. Hadi mwezi kwisha, zaidi ya watu 400,000 walikuwa wamevuka. Watetezi wa haki za binadamu walipinga, lakini wao walikuwa nje ya baraza.

Lukole ilibaki na wakimbizi wa Burundi, walioona jinsi majirani zao walivyoondoka, hadi kambi ilipofungwa mwaka 2008.

Nasi watumishi wa Kanisa tuna vikao vyetu, ambamo umoja husifiwa na ukimya huhesabiwa kuwa kibali. Haitoshi kumwita Mikaya ili aandikwe katika kumbukumbu za mkutano. Yehoshafati aliuliza swali lililo jema, kisha akapanda gari lake la vita. Anayekabidhiwa ulinzi wa wanyonge hana budi kulishika swali lake hata pale washirika wake wamekwisha kukubaliana.