Farasi Aliyeitwa Bahari

Katika Sahihi ya Imam Bukhari, ndani ya Kitabu cha Jihadi, umo mlango mdogo uliowekewa majina ya farasi na punda. Wengi huupita mbio, kwani hawaoni ndani yake hukumu ya kuwashughulisha. Mimi nimeusomesha miaka mingi hapa Tunduma, mpakani na Zambia, na kila mara hunisimamisha pale pale.

Waarabu wa zama zile walikuwa na desturi ya kumtazama mnyama, wakampanda, wakamjua tabia, kisha tabia yote ile wakaikusanya katika neno moja. Sahaba Abu Qatada (r.a.) alikuwa na farasi akiitwa Jarada, yaani Nzige. Mwarabu akilisikia neno hilo huona wepesi wa kuruka. Sisi wa Songwe, tuliopakana na bonde la Rukwa ambalo ni katika mazalio makubwa ya nzige wekundu, twaona shamba lililoliwa likabaki vijiti! Naye Mtume Muhammad (s.a.w.) alikuwa na farasi aitwaye Murtajiz, kwa uzuri wa mlio wake, kana kwamba anaghani mashairi.

Lakini linalonishughulisha zaidi ni jina la farasi wake wa kwanza. Ibn Saad ameeleza kwamba farasi huyo alinunuliwa Madina kwa Bedui mmoja wa kabila la Fazara, na Bedui yule alikuwa akimwita Dharis, neno lenye maana ya mkali, mgumu wa tabia. Bwana Mtume akalibadilisha jina hilo, akamwita Sakb, yaani mmiminiko wa maji. Miguu ni ile ile, na shingo ni ile ile. Mmoja alimtazama akaona ukorofi, mwingine akaona maji yanayoteremka. Na huyo Sakb ndiye aliyepandwa siku ya Uhud, mwaka wa 3 Hijriya (625 Miladia).

Labda msomaji wa Mombasa au Unguja atauliza, mtu wa Tunduma na farasi wapi na wapi? Ni kweli. Hata neno lenyewe farasi tumelipata kwa Waarabu, likaja kwa bahari pamoja na mnyama mwenyewe. Pwani walikuwapo. Sayyid Said bin Sultan alipopeleka jahazi lake Sultana mpaka New York mwaka 1840, chini ya Ahmad bin Naaman, miongoni mwa zawadi zilizopakiwa walikuwamo farasi wawili wa Kiarabu. Lakini bara njia ilizibwa na mbung'o na maradhi yanayowaua farasi, ndiyo maana misafara ya karne ya 19 ilikwenda kwa vichwa na mabega ya wapagazi. Basi watoto wangu wa chuoni wengi hawajapata kumwona farasi, na bahari hawajaiona pia. Farasi wanaowajua wao ni wale wanaohesabiwa katika injini za malori yanayosubiri kuvuka mpaka.

Sasa tazama ugumu wangu ninapofika katika hadithi ya Mandub.

Ameisimulia Anas bin Malik (r.a.). Usiku mmoja watu wa Madina walishituka kwa sauti iliyosikika nje ya mji, wakadhani adui amewajia. Watu wakatoka kuiendea sauti ile. Njiani wakakutana na Bwana Mtume anarudi. Alikwisha watangulia, amekwenda peke yake, ametazama, hakuna kitu. Alikuwa juu ya farasi wa Abu Talha aitwaye Mandub, mgongo mtupu bila ya tandiko, upanga umening'inia shingoni. Akawatuliza wasiogope. Kisha akamsifu yule farasi kwa neno moja tu, kwamba amemkuta ni bahari.

Anas alikuwa mtoto wa nyumba ile ile, kwani mama yake, Ummu Sulaym, alikuwa mke wa Abu Talha. Farasi huyo alikuwa akimwona kila siku bandani, na ametwambia waziwazi kwamba alikuwa mzito wa mwendo, mwenye hatua fupi. Huo ndio uliokuwa umaarufu wake Madina. Na baada ya usiku ule, asema Anas, hakupata tena kupitwa na farasi mwingine.

Wanazuoni wamefasiri kwamba ameitwa bahari kwa kuwa mbio zake hazikatiki, kama maji ya bahari yasivyokwisha. Nilipoieleza hivyo mwaka mmoja, mtoto wa mbele akainua mkono akauliza kama farasi huyo alikuwa na chumvi. Tulicheka, nami nikacheka. Lakini nikafikiri, lau ningelikuwa nasomesha Lamu nisingeliulizwa swali hilo.

Ziko nyakati Bwana Mtume alilikataa neno la watu waziwazi. Mwaka wa 6 Hijriya (628), njiani kuelekea Makka, karibu na Hudaybiya, ngamia wake Qaswa alipiga magoti. Watu wakamhimiza, hakuinuka. Wakasema amekuwa mkaidi. Mtume akawajibu kwamba hakufanya ukaidi, wala hiyo si tabia yake, bali amezuiliwa na Yule aliyemzuilia ndovu, yaani ndovu wa Abraha asiingie Makka. Tazama, ngamia hawezi kujisemea, naye akatetewa tabia yake mbele ya umati! Kisha alipomkemea, akaruka akasimama.

Nami nimeyasomesha haya yote, na nina neno langu moja la kulitaja.

Zaidi ya miaka thelathini iliyopita nilikuwa na mwanafunzi ambaye herufi za Kiarabu zilimpa taabu. Kha na ha zilimchanganya kila siku. Hakuwa mtovu wa adabu, wala hakukosa kuhudhuria hata wakati wa mvua. Jioni moja nimechoka, nikamwita Mzito. Darasa likacheka. Kuanzia siku ile hapakuwa na aliyemwita kwa jina lake, chuoni wala mtaani, na Suratul Hujurat, iliyokataza kuitana kwa majina ya kejeli, mimi ndiye niliyekuwa naisomesha. Hakumaliza Juzuu Amma. Siku moja hakuja, na sikwenda kwao kumuuliza.

Akaja kuwa dereva wa malori makubwa ya Zambia na Kongo, mtu wa kuaminiwa na mali za watu. Mwaka juzi alikuja chuoni amemshika binti yake mkono. Tukasalimiana. Hakunilaumu kwa lolote. Alitazama mkeka, akasema, "Maalim, nimemleta huyu asome. Nakuomba kitu kimoja tu, aitwe kwa jina lake."

Nikamsogezea daftari na kalamu, nikamwomba aliandike yeye mwenyewe. Akainama, akaliandika kwa herufi za Kiarabu, taratibu sana. Jina lile laanza kwa kha, na nukta yake aliiweka mahali pake.