Kanzu, Jembe na Mpira katika Jimbo la Rulenge
Desturi ya kuchanganya sala, masomo, kazi za mikono na michezo ililetwa Kagera na Mapadre Weupe, walioanzisha seminari ya Rubya mwaka 1904. Asubuhi misa na darasa, alasiri shamba au mpira wa miguu, kisha kengele ya masifu ya jioni. Biharamulo nayo ikapata seminari yake, Katoke.

Aliyeitoa desturi hiyo nje ya ua wa seminari ni Christopher Mwoleka, askofu wa Rulenge kuanzia 1969 hadi 1996. Alijiunga na kijiji cha ujamaa cha Nyabihanga, akalima pamoja na wanakijiji. Kwa askofu, si jambo dogo. Kwake Utatu Mtakatifu wenyewe ulikuwa kielelezo cha kushirikiana maisha na mali.